Vipicha Vyahamia Kulia

Mtaa mzima ulimwita Fundi Herufi. Karibu mabango yote ya maduka yalitoka mkononi mwake. Asubuhi aliwasha kompyuta kwanza, chai baadaye. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Alipata nafuu, akaweza kukaa kwenye kiti, na mkono wa kulia ulikuwa mzima. Lakini kazi haikwenda.

"Nani kachukua michoro yangu?" aliuliza tena leo, huku akikikodolea macho kioo cha kompyuta.

"Si hiyo hapo mbele yako, baba watoto?" mkewe alijibu.

Ilikuwepo kweli. Mke huyu alipenda unadhifu kupita kiasi. Alikuwa amevipanga vipicha vyote vya kufungulia kazi upande wa kushoto, kimoja chini ya kingine, kama vikombe kabatini.

"Hapa hamna kitu," mumewe alisema. "Mnanifanya mtoto?"

Mke aliingiwa na hofu. Kaka wa mumewe alikuwa ameshasema: "Shemeji, akili za mdogo wangu zimehama. Jumamosi nakuja kuichukua hiyo kompyuta tuiuze. Inamtesa bure." Naye alikubali shingo upande.

Mchana alikuja jirani yao. Kazi yake hospitalini ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Alimkuta fundi ameweka kijiko chini.

"Kila siku anabakiza nusu," mke alilalamika. "Hata mapishi yangu hayataki tena!"

Jirani aliitazama sahani. Upande wa kulia ulikuwa mweupe pe. Upande wa kushoto haukuguswa. Aliizungusha tu sahani.

"Loo, kumbe kuna kingine!" fundi alisema, akashika kijiko.

"Na shemeji anasema akili zimehama!" mke alimnong'oneza jirani.

"Hajapoteza akili," jirani alieleza. "Kiharusi kinaweza kumfanya mtu asitambue vitu vya upande mmoja, hata kama macho ni mazima. Mpelekeni kwa daktari ampime. Mimi nitamzoesha kugeuza kichwa kushoto. Na kazi yake tuisogeze pale anapoona."

Walikwenda kwenye kompyuta. Jirani alikibonyeza kipicha kimoja kwa kipanya, akakivuta hadi kulia. Alipokiachia, kikarudi mbio kushoto.

"Kibishi kama mwenyewe," mke alisema. Wote wakacheka, hata fundi.

"Kompyuta imeambiwa ivipange yenyewe," jirani alisema. Alibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu pa kioo. Orodha ikafunguka. Alichagua sehemu ya mwonekano, akaondoa alama ya vema kwenye neno la kujipanga. Hapo hapo akachagua vipicha vikubwa.

Mke alinyoosha mkono ili avipange. Jirani alimzuia.

"Mwache mwenye kazi. Meza ni yake."

"Rangi zikae juu," fundi alisema. "Mabango yafuate. Vile nisivyotumia viwekeni pamoja, visinipigie kelele."

Aligeuza kichwa kushoto kama jirani alivyomwelekeza, akavivuta mwenyewe, polepole, mpaka vikakaa alipotaka.

Jumamosi shemeji aliingia na boksi tupu. Alimkuta mdogo wake anachora bango la kinyozi.

"Karibu, kaka. Boksi la nini?"

"La... aa, nimepita tu kukusalimia," shemeji alisema, akalificha nyuma ya mgongo.

Alipoondoka, mke aliketi kando ya mumewe, upande wa kushoto. Hapo ndipo alipokuwa akikaa tangu ugonjwa uanze. Siku zote hizo mumewe hakumgeukia, naye alidhani mapenzi yamepoa. Iliuma sana, lakini hakumwambia mtu. Sasa akasimama, akabeba kiti chake, akahamia kulia.

Fundi aliacha kipanya. Alimtazama usoni kwa muda mrefu.

"Umekonda, mke wangu," alisema. "Na wewe, nani anakuangalia?"