Barua Ambayo Papa Évariste Hakuiandika

Barua ilikuwa fupi, tena ya kikatili: "Usije Kalemie. Tangu mama yako afe, mimi sina mutoto." Ilitumwa Jumapili, saa ya misa, kutoka kwenye kompyuta ya Papa Évariste kwenda kwa Noëlla, binti yake wa pekee anayeishi Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Tangu siku hiyo Noëlla hakupokea tena simu ya baba yake.

"Mama Consolate, mimi sikuandika hii," mzee alisema. "Nilikuwa kanisani, watu wote waliniona. Nimeikuta leo tu, katika zile zilizokwisha kutumwa."

Consolate, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, alivuta kiti. Aliishi peke yake na maneno yake yalikuwa machache, ila kuuliza alijua.

"Nani anaingiaga humu?"

"Hakuna muntu. Nikitoka ninafunga."

"Na mot de passe?"

"Nilibadilisha mara mbili. Lakini barua mupya ikifika, ninakuta imekwisha kusomwa."

Hapo Consolate akapata pa kuanzia. Nenosiri limebadilishwa na mtu bado anaingia. Basi hakupita mlango wa mbele. Ndani ya kompyuta kulikuwa na programu iliyojificha, ikimfungulia mtu wa mbali mlango wa nyuma na kumpelekea kila herufi mzee aliyobonyeza, nenosiri jipya nalo likiwemo.

Alipekua programu zinazoamka pamoja na kompyuta, akaikuta moja imejipa jina la picha. Ilikuwa imeingia jioni ya matanga ya Mama Célestine, mke wa Évariste, wakati mzee aliponakili picha za maziko kutoka kwenye flashi. Na kwenye matanga, jamani, nani anauliza flashi imepita wapi? Unachomeka, unalia, unanakili.

"Ilitoka kwa nani?"

"Ni Willy njo alipiga chapa zile photo. Delphin akaniletea."

Willy alikuwa na duka la kuchapa picha. Delphin alikuwa jirani, mjane kama Évariste, aliyewahi kutunza kompyuta za shirika moja kabla halijafunga ofisi. Ndiye aliyemfundisha Évariste kutuma barua pepe, na kila jioni walicheza drafti.

Consolate alianza na Willy, kwa sababu yeye na mzee waligombana: uso wa marehemu ulitoka mweusi kama masizi.

"Sasa mimi ni mwizi?" Willy alifoka. "Angalia mashini yangu yote!"

Aliangalia. Picha zilikuwepo, ile programu haikuwepo. Lakini Willy angeweza kuwa ameifuta, na Consolate hakupenda kumtia mtu hatiani kwa kubahatisha. Akarudi kwa mzee.

"Toa hii kitu leo leo!" Évariste alisihi.

"Nikiitoa leo, hatutajua ni nani, na Noëlla hatakuamini. Andika hapa: kesho asubuhi unapanda boti ya Kigoma. Usiitume. Na usiambie muntu kwa mudomo, hata Papa Delphin."

"Delphin? Yule ni ndugu yangu!"

"Hata yeye."

Asubuhi walisimama kwenye lango la bandari, bila hata begi moja. Willy hakuonekana. Pikipiki ikafika kwa kasi, akashuka Delphin, vifungo vya shati vimepishana, mkononi furushi la ndagala, dagaa wakavu.

"Évariste! Unaenda bila kuniaga?"

Consolate ndiye aliyeuliza. "Papa Delphin, nani alikuambia anasafiri?"

"Watu... watu wanasema."

"Watu gani? Hakuambia muntu. Aliandika tu kwenye mashini yake, na barua hatukuituma."

Furushi likamponyoka. Delphin hakuliokota.

"Nilitaka kujua tu kama ataenda kwa binti yake," alisema hatimaye. "Kisha nikaona Noëlla anakuja kumuchukua kabisa. Ile barua yake niliifuta, nikajibu mimi. Watoto yangu hawanipigii hata simu. Ningebaki na nani?"

"Wewe uliniona ninalia," Évariste alisema. "Kila jioni ninalia juu ya Noëlla, na wewe unaniambia pole."

Consolate alipiga kwa simu yake mwenyewe. Noëlla alipopokea, Consolate alimpa Delphin simu, naye akasema yote akiwa ameinamisha kichwa. Kisha mzee akaichukua. "Baba," sauti ililia, "njoo."

Siku hiyo Consolate alikata mtandao, akaokoa barua na picha tu, kila moja akiikagua, akafuta kompyuta yote na kuiwekea mfumo upya. Maneno ya siri ya mzee aliyabadilisha kwenye simu yake mwenyewe, si kwenye ile kompyuta. Picha za Mama Célestine zilibaki zote.

Jumamosi Évariste alipanda boti kweli. Uongo waliouandika kumnasa Delphin ulikuwa umegeuka safari.

Jioni, akirudi kutoka bandarini, Consolate alipita mbele ya nyumba ya Delphin. Ubao wa drafti ulikuwa nje, vizibo vya chupa vimepangwa pande zote mbili, na kiti cha pili ni kitupu.

"Mama," Delphin aliita, "unajua kucheza?"

"Ninajua," Consolate alijibu, akaendelea na njia yake. Hakugeuka, ingawa nyumbani kwake pia hapakuwa na mtu aliyekuwa akimngoja.