Mla Nyama wa Zama za Mawe

Fundi cherehani alikwenda buchani kununua mifupa ya supu tu. Foleni ilipomfikisha mbele akamwona binti muuza nyama: aproni nyeupe, kilemba chekundu, kisu mkononi, vishimo mashavuni. Akili zikamruka.

"Kilo ngapi, kaka?"

"Tatu za nyama."

"Kumbe una familia!"

"Hapana! Niko peke yangu," alisema haraka. "Nakula kama watu wa zama za mawe. Nyama, samaki, mayai, mboga, matunda. Nafaka sigusi, wala maharage, maziwa, sukari."

Alikuwa ameyasoma asubuhi ile kwenye simu, akayacheka. Sasa ikabidi ayaishi. Njia ya mwongo ni fupi, ila yake ilipitia buchani kila siku. Punde akawa anapunguza viuno vya suruali zake mwenyewe.

"Wenzako walikimbiza swala porini," binti alimtania kwenye simu. "Wewe unapiga simu nikufungie!"

"Nami nakimbia, mpenzi. Nakimbilia kwako."

Mapenzi yakakolea. Akaalikwa kwa shangazi aliyemlea binti. Bila ridhaa yake hakuna ndoa. Shangazi alipika wali, maharage, na mkate wa moto. Fundi akaona haya kujiumbua, akashikilia zama zake za mawe, akala tango. Tango tupu!

"Kanidharau," shangazi alisema mlango ulipofungwa. "Simtaki." Binti alilia, akazima simu yake.

Siku chache baadaye shangazi alipeleka gauni kupunguzwa, bila kujua duka ni la nani. Akafungua pazia la chumba cha kupimia nguo. Fundi alikuwa amechuchumaa humo, mkate mkononi, sufuria ya maharage mbele yake, machozi yakimtiririka.

"Shikamoo, shangazi," alisema, mdomo umejaa.

"Marahaba. Zama za mawe zimekwisha lini?"

Akaeleza yote. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akatuma mtu amwite binti, aliyefika na aproni yake.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ningekuja kila siku kwa mifupa tu, ungeniona bahili."

"Mjinga wangu! Mimi mwenyewe nyama sili. Nashinda nayo kutwa! Nilikuwa nawaza nitaishije na wewe, na bado nakupenda."

"Basi nikuoe?"

Binti akamtazama shangazi. Shangazi alikuwa ameshachukua kijiko, anaonja maharage.

"Yameungua," alisema. "Mkubali upesi, mwanangu, kabla hayajamuua."