Bibi Sabuni na Kilichozikwa Tutani

Naapa kwa macho yangu yote mawili, na miwani juu yake, kwamba haya yalitokea kama nitakavyoyasema. Sikuongeza, sikupunguza, sikutia chumvi hata ya kuonjea. Anayebisha anisubiri nimalize.

Palikuwa na mama mmoja wa makamo, mtafiti wa matuta ya mchanga, ambaye ofisini na nyumbani walimwita Bibi Sabuni. Jina hilo alilipata kwa kinyaa chake. Milango aliifungua kwa kiwiko. Alitembea na kikombe chake ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko huo ndani ya mfuko mwingine. Akipeana mkono na mkurugenzi, alikwenda kunawa mkurugenzi mwenyewe akimwangalia. Unywele mmoja kwenye sahani ulitosha kumlaza na njaa.

Kitu kimoja tu duniani hakikumtia kinyaa: mchanga. "Mchanga umeoshwa na bahari, ukaanikwa juani, ukapepetwa na upepo," alizoea kusema. "Nitajieni kitu kingine kisafi hivyo." Kazi yake ilikuwa kuburuta sanduku la rada juu ya matuta ya pwani, sanduku la njano, kubwa kama begi la safari, na skrini ndogo ikining'inia kifuani pake. Sanduku lilituma mawimbi ardhini, mawimbi yakagonga kilichoko chini na kurudi, skrini ikachora. Kwa njia hiyo aliona ndani ya tumbo la tuta: matabaka yamelala mshazari, moja juu ya jingine, kila tabaka likiwa mgongo wa zamani wa tuta kabla upepo haujalisogeza. Maana matuta hutembea, jamani. Polepole, lakini yanatembea, na chochote kilicho mbele yao yanakipanda.

Dereva wake alikuwa mume wa mdogo wake. Tumwite Shemeji, kama yeye mwenyewe alivyomwita. Mwanamume shupavu, mcheshi, asiyejua chozi lina ladha gani. Asubuhi ile wakipakia gari, mdogo mtu alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Dada, huyo ni mzembe, lakini ndiye niliye naye. Nirudishie."

"Nitakurudishia," alisema Bibi Sabuni, akifuta kiti cha gari kwa kitambaa kabla ya kukikalia.

Walikuwa wamepita matuta ya mwisho yenye majani, mahali ambapo simu haina kazi tena ila kuangalia saa, upepo ulipogeuka. Haukuanza kwa upole. Ulikuja kama mlango uliopigwa teke. Mchanga ulipiga vioo kama sindano, bahari ikapotea, njia ikapotea, hata pua ya gari ikapotea. Shemeji aliendelea kukanyaga mafuta akitafuta mahali pa kujikinga, akapanda mgongo wa tuta bila kujua ni mgongo. Upande wa pili mchanga ulikuwa umesimama kama ukuta. Ukaporomoka. Gari likabiringika mara moja, mara ya pili, likalala ubavu.

Upepo ulipokata pumzi, Bibi Sabuni alitambaa nje kupitia dirishani. Alikuwa mzima. Pipa la maji lilikuwa limepasuka, na mchanga ulikuwa umeyanywa yote hata unyevu hauonekani. Shemeji alikuwa ameketi na mgongo kwenye gurudumu, akiutazama muundi wake. Betri ya gari ilikuwa imeruka na kuufumua. Mfupa ulionekana, mweupe kama jino.

"Ni pabaya?" aliuliza Shemeji.

"Usiangalie."

"Nimeshaangalia. Naona kama si wangu."

Bibi Sabuni alimfunga kwa mikono ya shati lake, macho yakiwa pembeni. Damu iliingia chini ya kucha. Akatafuta pa kunawa, hapakuwepo.

"Barabara iko wapi?" aliuliza Shemeji.

"Nyuma ya matuta haya. Mwendo wa kutwa."

"Basi nenda."

"Nikuache? Mdogo wangu nimwambie nini?"

"Mwambie nilikufa nikiwa mzuri wa sura."

"Siwezi kumdanganya msiba ukiwa ndani ya nyumba."

Alijaribu kumbeba. Mtu alikuwa na kitambi, mchanga ulikuwa laini. Walianguka pamoja kabla ya kuliacha gari. Jua likawakalia kichwani. Jioni midomo ya Shemeji ilikuwa imepasuka, na asubuhi ya pili ilikuwa imeota ukoko mweupe. Bibi Sabuni akimwuliza jambo, jibu lilichelewa. Kisha likaacha kuja.

Hapo ndipo Bibi Sabuni alipolikumbuka sanduku la njano. Lilikuwa na betri yake, na halikuwa na hata mkwaruzo.

Chini ya matuta ya pwani huwa kuna maji. Mvua hupenya mchangani, ikashuka, ikaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Na rada huyatofautisha: maji ya chumvi huyameza mawimbi, skrini ikawa kiza, maji matamu huyarudisha, skrini ikachora mstari mweupe, umenyooka. Alijifunga kamba kiunoni, akaliburuta sanduku ndani ya bonde lililokuwa kati ya matuta mawili. Kiza. Kiza. Halafu mstari, mweupe kweli kweli, umelala kama uzi, kina chake hakifiki urefu wa mkono.

"Yapo!" alipiga kelele. "Shemeji, yapo!"

Sasa sikilizeni. Wanaoshika rada wana sheria yao, na Bibi Sabuni alikuwa akiwakaririsha wanafunzi wake mpaka waiote ndotoni: ukivuta kwa urefu, rudi uvute kwa upana. Kwa sababu kitu kirefu kilichozikwa, bomba au gogo, ukiliburutia sanduku mgongoni mwake huchora mstari ulionyooka kama maji. Ukikikata kwa upana ndipo hujitaja: skrini huchora upinde. Aliijua sheria hiyo kama jina lake. Lakini Shemeji alikuwa haitiki. Akatupa kamba, akashika sepetu.

Alichimba kama mwizi. Sepetu ikagonga kitu kilichobonyea na kurudi, kama godoro. Udongo mzito, alijiambia. Maji yako chini yake. Akaiinua sepetu juu ya kichwa, akaishusha kwa nguvu zake zote.

Kwanza ilitoka pumzi. Ndefu, ya moto, yenye mluzi. Kisha likaja rojo la kijivu, lina mafuta, lina vipande, likaruka na kumpiga usoni. Na kwa kuwa alikuwa anahema, mdomo ulikuwa wazi.

Harufu ile haikuishia puani. Ilipitia machoni, ikashuka kooni, ikakaa kama mgeni aliyekuja na masanduku yake. Bibi Sabuni alitapika. Akasugua ulimi kwa mchanga, akatapika mchanga. Akatapika nyongo. Mwisho akawa anatapika hewa tupu, magoti chini, nywele zimegandana, kitu laini kikimteleza ndani ya kola na kuelekea mgongoni.

Kutoka kwenye gari ikasikika sauti dhaifu. "Shemeji."

"Nini?"

"Kama ni wewe, sema tu. Sisi ni ndugu."

Akacheka huku analia, maana utani huo ulimwambia kwamba mtu wake bado yumo. Alimtazama aliyelala shimoni. Nyangumi, mrefu kama basi. Bahari ilimtupa, tuta likatembea, likampanda, likamfunika na kumfungia juisi zake zote. Na yeye kwa miaka yote amekuwa akipita juu ya vitu kama hivyo, akiviita visafi. Mchanga ule ule aliokuwa akijifutia mikono!

Alitema mate. Akaifuata kamba.

Safari hii alivuta kwa urefu na kwa upana. Juu ya nyangumi upinde ulichomoza waziwazi, ukimcheka. Akasogea upande wa bara, kwa sababu maji ya chini huteremkia baharini, na yakimpita nyangumi yule yanakuwa mchuzi. Mbali kidogo akapata mstari ulionyooka huku, ukanyooka na huku. Akachimba mpaka mikono ikachubuka. Mchanga ukawa mweusi, ukawa wa baridi, kisha chini ya shimo kikajikusanya kitu chenye rangi ya chai iliyochujwa mara tatu. Kilinuka. Si kama nyangumi, lakini kama jamaa yake wa mbali.

Alikichuja kwa mtandio wake. Akakitia ndani ya kikombe chake. Akafumba macho, akanywa, akangoja kufa. Hakufa. Akamnyanyua Shemeji kichwa na kumwekea kikombe kile mdomoni, kikombe ambacho hata mama yake mzazi hakuwahi kukigusa.

"Yananuka," alisema Shemeji.

"Nawe unanuka. Kunywa."

"Kikombe chako, Bibi Sabuni?"

"Kunywa kabla sijaghairi."

Akanywa. Akaomba tena.

Lakini shimo la kwanza lilikuwa limewaita nzi wa dunia nzima. Walikuja wingu zima, wa kijani, wanono, wakitoka kwa nyangumi na kutua kwenye muundi wa Shemeji bila hata kufuta miguu. Kulipokucha, kitambaa kilikuwa kinatikisika chenyewe. Alikifungua. Funza walijaa jerahani, wakipandana, kama wali uliopata uhai. Bibi Sabuni aligeuka, akatapika yale maji aliyoyatolea jasho, akarudi. Akawatoa kwa vidole. Mmoja mmoja. Wengine walizama akawafuata ndani.

"Unafanya nini?" aliuliza Shemeji, uso juani.

"Nachambua mchele."

Mguu ulikuwa umevimba, unawaka moto, mistari myekundu inapanda kuelekea gotini. Maji walikuwa nayo. Muda ndio hawakuwa nao.

"Una kiberiti?" aliuliza.

Shemeji akasita. "Kipo soksini. Ya mguu mzima. Pamoja na sigara. Usimwambie mdogo wako."

Akafungua gurudumu la akiba, akalibiringisha mpaka juu ya tuta. Moto ukashika mpira, ukafifia. Ukahitaji mafuta, na yeye alijua mafuta yako wapi. Akashuka shimoni. Akakata minofu ya nyangumi kwa sepetu, akaikumbatia kifuani kama mtu abebavyo mtoto, ikimchuruzikia tumboni na mapajani, akapanda nayo, akashuka, akapanda tena. Moto ukanguruma. Moshi ukasimama angani, mweusi, mnene, na kwa harufu yake hata ndege waliokuwa wakielekea huko waligeuza njia.

Aliyekuja hakuwa polisi wala watu wa ofisini. Lilikuwa gari la majitaka, lile linalonyonya vyoo vya mjini. Dereva wake, mtu mnene mwenye mabuti, alikuwa akiteremka njia ya nyuma kwenda kumwaga mzigo mahali asiporuhusiwa, akaona moshi, akadhani mwenzake amemwingilia eneo. Alishuka akitukana. Upepo ukamletea habari zao, akasimama, akajifunga fulana puani.

"Mimi ni mtu wa vyoo miaka yote, mama," alisema. "Sijawahi kukutana na kitu kama nyinyi."

"Una nafasi mbele?"

"Ninayo. Lakini mtaniharibia gari."

Bibi Sabuni aliufungua mlango kwa kiganja kizima. Alikaa katikati ya kiti kilichong'aa kwa uchafu, kichwa cha Shemeji mapajani, tangi likisukasuka nyuma yao, na kila walipokanyaga shimo kitu kilirukia dirishani. Hakufunga kioo. Alishikilia mguu ule usigonge, mpaka hospitalini.

Mdogo mtu alikuja mbio koridoni. Alifungua mikono, akasimama hatua tatu kabla, akaziba pua.

"Yu hai?"

"Wanamsafisha. Mguu wameuokoa."

Akaachia pua. Akamkumbatia dada yake pamoja na yote yaliyokuwa juu yake, na walipoachana walinuka sawa.

Basi nilipofika hapa, chumba kizima cha wastaafu mkahawani kikinisikiliza, nikiwa naelekea kueleza jinsi Shemeji alivyowatania wauguzi bila hata tone la chozi, sauti ikatoka mlangoni nyuma yangu. "Hebu ngoja."

Alikuwa yeye, Bibi Sabuni, amekuja kumchukua mumewe aliyekuwa kati ya wasikilizaji wangu.

"Kwanza, hakuwa nyangumi. Alikuwa pomboo, na angetosha juu ya meza hiyo. Pili, Shemeji, nani alikuwa akitania? Ulikuwa ukiita mama. Machozi yako ndiyo maji pekee tuliyokuwa nayo siku ya kwanza."

Wote wakanigeukia, kisha macho yao yakaushukia mguu wa suruali yangu.

 Niliupandisha, nikaonyesha kovu, lakini hakuna aliyejali kovu. Nikainuka nikichechemea mpaka kaunta, nikaagiza chai ya chumba kizima, na ya shemeji yangu nikaibeba kwa mikono yangu miwili.