Nyundo ya Fundi Bati Iliponyamaza

Fundi Bati alikuwa na kelele, na mtaa mzima ulijua. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa nyumba yake. Tangu asubuhi alikata bati, akalikunja, akaligonga. Alitengeneza ndoo, majiko na mifereji ya mvua. Majirani walishazoea. Akinyamaza, walidhani anaumwa.

Kwa hiyo alipoacha kugonga jioni, watu walikuja kumjulia hali.

"Mimi mzima kabisa," aliwajibu. "Binti yangu anasoma. Punguzeni sauti."

Binti huyo alifanya kazi katika maabara, akipima kama maji ya bomba ni salama. Mtaani walimwita Bibi Maji. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilikubali kumpokea asomee shahada ya pili, kwa sharti moja: alete matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Mtihani ulikuwa na sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Chuo kiliweka alama ya chini kwa kila sehemu. Ukipungukiwa kwenye sehemu moja, umekosa yote.

Nyumba ikawa kama ina mgonjwa mahututi. Mama alizima redio. Sufuria zilishushwa taratibu kama mayai. Bibi Maji alijifungia chumbani na kukariri. Alikuwa amepata kwenye mtandao majibu yaliyotungwa na watu wengine: rafiki yangu, safari yangu, mji ninaoupenda. Aliyameza yote, nukta na mkato, kama alivyozoea shuleni.

Siku ya mtihani alikaa mbele ya kompyuta, vipokea sauti masikioni. Sehemu tatu zilikwenda vizuri. Ikafika ya kuzungumza. Chumba kizima kikaanza kuongea kwa mpigo, kila mtu na kompyuta yake. Wa kulia alisimulia harusi. Wa kushoto alipiga kelele kama anauza samaki. Bibi Maji aliulizwa aeleze kifaa anachotumia kazini. Hilo hakulikariri. Alianza kusema juu ya safari, akapotea njiani, akanyamaza. Muda kwenye kioo cha kompyuta ukaisha huku yeye ameduwaa.

Matokeo yalipotoka, sehemu ya kuzungumza ilikuwa chini ya alama ya chuo. Chuo kilimruhusu kurudia mtihani mara moja tu. Asipofaulu, nafasi anapewa mwingine.

"Yaani kimya chote kile nimekikalia bure?" aliuliza Fundi Bati.

"Baba!"

"Nimeuliza tu. Vidole vinaniwasha."

"Mwache mtoto," mama alisema. "Kwani wewe ndiye uliyefeli?"

Wakati huo jirani yao, Mama Pacha, alikuwa mlangoni. Alikuja kuchukua jiko lake. Mama Pacha alifundisha chuoni na aliwahi kusoma ng'ambo. Mtihani huo aliufanya yeye mwenyewe.

"Ulijiandaa vipi, mwanangu?" aliuliza.

Bibi Maji alimweleza. Mama Pacha akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo mpya.

"Mmeulea mtihani kama mtoto mchanga! Kule hakuna kimya. Watu wote wanaongea. Na hayo majibu ya kukariri, wasahihishaji wameyasikia mpaka wamechoka. Wanayatambua mara moja."

"Lakini lafudhi yangu, Mama Pacha? Naogopa watanicheka."

"Lafudhi si kosa. Wanataka wakuelewe. Sema ya kwako, yapange, toa mfano, na uangalie muda. Pia ingia kwenye tovuti ya wenye mtihani wenyewe. Kuna mitihani ya mazoezi. Fanya mmoja mzima, mwanzo hadi mwisho, bila kunyanyuka kwenda kunywa chai."

Fundi Bati alikuwa ameshika nyundo tayari.

"Kwa hiyo nigonge?"

"Gonga, fundi."

Jioni ile ile Bibi Maji alihamishia kiti kibandani. Mama aliandika maswali kwenye vipande vya karatasi, akavitia kwenye beseni. Bibi Maji aliokota kimoja, akafikiri kidogo, akaanza kuongea Kiingereza huku simu inamrekodi. Baba aligonga bati. Muda ukiisha, mama alimpa baba ishara, naye alipiga pigo moja zito. Hapo ni kuacha, hata kama neno liko mdomoni.

Siku ya kwanza alishindwa kumaliza hata jibu moja.

"Baba, unanigonga kichwani!"

"Bado. Leo nagonga ndoo. Endelea."

Hasira zilimpanda, lakini aliokota karatasi nyingine. Polepole ulimi ulizoea. Mama Pacha alipita mara kwa mara kusikiliza zile rekodi. "Hapa umekimbia mno," alimwambia. "Hapa umesema jambo moja mara mbili. Na hapa, mfano uko wapi?" Siku za mapumziko Bibi Maji alifanya mtihani wa mazoezi mzima, kisha akapitia makosa yake moja moja.

Aliporudi kwenye chumba cha mtihani, kelele zilikuwa zile zile. Jirani yake aliongea kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Bibi Maji alitabasamu tu. Aliulizwa aeleze kazi anayoifanya mtu wa familia yake. Alieleza jinsi bati linavyopimwa, linavyokatwa na kukunjwa kabla ya kugongwa. Alikwama kwenye neno moja, akatafuta njia nyingine ya kulieleza, akaendelea. Muda uliisha akiwa ameshasema ya maana.

Alipata alama iliyotakiwa, na juu yake kidogo. Haikuwa ya kutangazia dunia. Ilitosha.

Alisafiri. Baada ya muda simu ililia kibandani. Fundi Bati aliweka nyundo chini.

"Vipi huko, mwanangu? Masomo?"

"Masomo mazuri, Baba. Ila chumba changu kina kimya mno. Nafungua kitabu, akili haitulii."

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Gonga kidogo."

Fundi Bati aliitazama simu. Kisha akaiegemeza kwenye ndoo, akachukua bati la jiko, akaendelea na kazi.