Ufa Chini ya Rangi

Kila alipotoka shule, Fauzia alibadili sare, akala, kisha akaenda kwenye banda la mama yake kando ya barabara kuu ya Tunduma. Mama yake, Mwanakombo, aliuza rimu za spoti zilizotumika, zile za aluminiamu zinazofungwa kwenye magari ya Kijapani yanayopenda kukimbia. Wateja walitoka Mbozi, Mbeya na hata Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kazi ya Fauzia ilikuwa kuzisugua kwa sabuni na mswaki mkuukuu mpaka vumbi jeusi la breki litoke.

Mama alikuwa na katazo moja tu: "Rimu inabebwa, haibiringishwi." Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Ijumaa, mama alipokwenda kuswali, Fauzia aliiachia rimu moja kwenye mteremko ili aone itafika wapi. Ilifika! Iligonga ukingo wa mtaro wa zege kwa kishindo, na alipoiinua aliona ufa mwembamba upande wa ndani. Aliogopa sana. Akachukua kopo la rangi ya kupuliza, akaufunika ule ufa, akairudisha rimu kwenye seti yake.

Asubuhi iliyofuata alifika kijana aitwaye Ombeni, mkulima wa kahawa kutoka Ihanda, akiwa kwenye pikapu ya rafiki yake.

"Shikamoo, mama. Nataka hizi nne. Jumatatu nampeleka bibi yangu kliniki Mbeya, lazima gari ling'ae!"

"Marahaba. Gari lenyewe liko wapi tulipime?"

"Liko kwa fundi, Vwawa. Wewe nipe tu, mama, nina haraka."

Fauzia aliinama, akaendelea kusugua rimu nyingine. Pikapu ikaondoka, ikapotelea kati ya malori yaliyopanga foleni ya mpakani.

Mchana walikaa kula ugali. Kila alipomega tonge, Fauzia alimwona bibi asiyemjua amekaa kwenye gari, na rimu inakatika mlimani. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mama, rimu moja ya kaka Ombeni ina ufa. Niliibiringisha mimi. Nikaipaka rangi."

Mama hakufoka. Alinyakua simu, akapiga namba aliyoachiwa na Ombeni. Haipatikani. Akapiga tena na tena. Alipoona simu haisaidii, alijifunga kitenge vizuri, akaanza kufunga banda.

"Twende Vwawa. Huyo kijana asipande hilo gari."

Kabla hawajavuka barabara, gari la bluu lilifunga breki mbele yao. Ombeni, sasa akiwa na gari lake mwenyewe, alishuka amefura kama andazi, rimu zimejaa nyuma ya gari.

"Mama, umeniuzia rimu gani? Matundu yake ya nati ni matano, na ya gari langu ni matano, lakini hayaoani! Fundi amehangaika mpaka kachoka, hata moja haijaingia!"

"Hata moja?" mama aliuliza.

"Hata moja!"

"Alhamdulillahi!" Mama aliinua mikono juu. Fauzia alicheka huku machozi yakimtiririka.

Ombeni aliwatazama wote wawili. "Mimi nalalamika, ninyi mnashangilia?"

Fauzia alisogea mbele, akamweleza yote bila kuficha. Ombeni alikaa juu ya tairi kuukuu, hasira zote zimemwisha. "Ningempakia bibi yangu mle," alisema polepole. "Asante kwa kusema, mdogo wangu. Lakini ungesema asubuhi!"

Safari hii mama alipima nafasi kati ya tundu na tundu, akampatia seti inayooana na gari lake. Ombeni alipoondoka, mama alimkabidhi Fauzia nyundo, naye akaigonga ile rimu mbovu mpaka ikawa haiwezi kuuzwa ila kama chuma chakavu. Kila pigo lilimwondolea mzigo kifuani.

"Leo matundu ndiyo yaliyotuokoa, mwanangu," mama alisema. "Hata mimi nilikosa, niliuza bila kupima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uuzibe kwa rangi! Ukikosea, niambie siku hiyohiyo. Nitakasirika kidogo, halafu tutakula, tutalala. Ukilificha kosa, linapanda gari pamoja na bibi wa watu."