Taa ya Chumba cha Kimea

Walikutana kwenye masinki ya kiwanda cha maziwa, zamu zikipishana, watu wakisukumana kunawa. Mpimaji mpya wa maabara, koti jeupe na kitambaa cha njano kichwani, aliteleza kwenye maji. Fundi wa mtindi akamdaka.

"Polepole, dada. Sakafu hii haijali vyeo."

"Na wewe unajua kudaka tu, kuachia hujui?"

Mwezi haukuisha, simu zao zikawa za moto.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Muongo wewe!"

Kisha mtindi ukagoma kuganda. Matangi mawili mazima yakabaki majimaji. Mpimaji alipopima kimea, wale bakteria wanaogandisha maziwa, alikuta virusi wanaowaua. Akaandika kwenye ripoti kuwa wameingizwa na mikono michafu. Na kimea kilishikwa na mtu mmoja tu. Fundi akasimamishwa kazi.

"Ungeniuliza kwanza," fundi alisema kwenye simu. "Najisugua mpaka kucha zinauma!"

"Vipimo havidanganyi, mpenzi."

"Usiniite hivyo." Akakata.

Siku tatu hakupokea simu. Roho ikimuuma, mpimaji alifungua kimea kipya ambacho fundi hakuwahi kukigusa. Nacho kikafa! Akainua macho. Juu ya meza ya chumba cha kimea, ile ile aliyotumia fundi, iliwaka taa ya kuua vijidudu, aliyoagiza yeye mwenyewe ifungwe wiki mbili nyuma. Akafungua kimea kingine, akakigawa: nusu chini ya taa, nusu kabatini. Cha kabatini kikagandisha maziwa vizuri. Cha kwenye taa kilijaa virusi.

Virusi hawakuingizwa na mtu. Walikuwa wamelala ndani ya bakteria wenyewe, wakirithishwa kizazi hadi kizazi bila kudhuru. Taa ilipowajeruhi bakteria, virusi wakaamka, wakazaana, wakawapasua wakatoka.

Alikwenda kwa meneja, kisha nyumbani kwa fundi. Fundi alifungua mlango, fulana imefifia, ndevu timutimu.

"Ni taa yangu," mpimaji alisema hata kabla ya salamu, akamweleza yote.

"Kwa hiyo walikuwa humo humo siku zote?"

"Humo humo. Mimi ndiye niliyewaamsha. Nisamehe."

"Meneja umemwambia?"

"Kesho unarudi kazini. Mimi nimepewa barua ya onyo."

"Kazi ningepata nyingine. Kilichoniuma ni kwamba uliamini."

"Najua. Ndiyo maana sikupiga simu leo. Nimekuja."

Sauti ya mama wa fundi ikatoka ndani: "Nani huyo unamsimamisha mlangoni?"

"Aliyenifanya nisimamishwe kazi, mama."

"Mlete nimwone."

Mpimaji akarudi hatua nyuma. Fundi akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

"Ingia tu. Tutafokewa wote."

Na mama alifoka kweli, nusu saa nzima, huku akimwongezea mgeni chai.