Nafasi ya Mtu Asiyeoa

Jumamosi ya soko, mwaka hamsini na tano, duka la Manubhai mjini Arusha lilijaa watu hadi barazani. Wengine walifuata daftari na wino. Wengine walimfuata Eunike, binti wa kijiji cha Akheri, aliyeketi pembeni na mashine yake ya chapa, gauni la buluu limenyooka kwa pasi, akiwaandikia watu barua za serikali.

"Dada, hii ya kwangu ni ya haraka," ilisema sauti ya kiume.

"Zote ni za haraka. Panga mstari, kaka."

Akainua macho. Kijana alivaa suti ya kijivu na tai, na viatu vimejaa vumbi la njia ya Olasiti. Jina lake Kaanaeli, mwalimu, katoka Makerere na digrii yake. Alishika maombi ya skolashipu: miaka miwili London, kusomea lugha za Afrika.

"Uende Ulaya kusomea lugha za Afrika?" Eunike aliuliza. "Kwani kwa bibi yako zimekwisha?"

Kaanaeli alicheka mpaka wateja wakageuka. Siku hiyo alisubiri duka lifungwe ili amsindikize hadi Kijenge, kwenye njia ya kwao.

Basi mapenzi yakawakolea. Kila Jumatano simu ya duka ililia kutoka shuleni, na Manubhai akajifanya anapanga kalamu. Kabla mwaka haujaisha, baba zake wadogo Kaanaeli walipanda Akheri na pombe ya ndizi. Baba yake Eunike akaionja, ukoo ukainywa, na kwa Wameru wa pale neno likawa limekwisha. Binti ana mwenyewe, limebaki kanisa tu.

Hapo ndipo barua ya London ilipofika katika sanduku la posta la duka, ambalo walimu wengi walilitumia. Kaanaeli alipopiga simu, Eunike akamwambia imefika.

"Fungua, mpenzi. Nisomee."

Eunike akasoma huku akitafsiri. Nafasi ameipata! Furaha ilimjaa hadi alipofika mstari wa nne. "'Kwa kuwa umetuandikia kwamba huna mke wala mchumba...'" Akaishusha barua mezani.

"Eunike? Ile fomu ya pili niliijaza mwenyewe. Wanataka mtu asiyeoa. Na kanisani hatujatangazwa bado, sasa uongo uko wapi?"

"Pombe ilinywewa, Kaanaeli. Baba anakuita mkwe. Kwenye fomu yako mimi nilikuwa nani?"

Akakata simu. Aliumia, tena aliumia vibaya. Siku tisa simu ililia akaiacha, ikapokewa na Manubhai.

Siku ya kumi Kaanaeli alikuja mwenyewe, hana tai, macho mekundu.

"Nimewaandikia London kwamba ninaye mchumba, na jina lako nimelitaja. Mchungaji atatutangaza Jumapili tatu, kisha tufunge ndoa."

"Na nafasi yako?"

"Watajibu wanavyotaka."

Eunike alilia mbele ya wateja bila kuona haya. "Nilitaka unitaje tu," alisema. "Sikutaka kingine."

Ikapita Jumapili ya kwanza, ikapita ya pili. Jumamosi iliyofuata Manubhai alimwita nyuma ya kaunta.

"Binti, mwalimu alinikataza nisikuambie. London wamejibu. Kuwa na mchumba si neno. Lakini akioa kabla ya safari, nafasi wanampa mwingine. Barua amenisomea hapa, akaitia mfukoni, akasema harusi iko palepale."

Njia nzima ya kupanda Akheri Eunike hakumwitikia mtu salamu sawasawa. Miaka miwili! Alimwazia Kaanaeli kati ya wasichana wa huko. Aliwazia shangazi zake wakinong'ona kwamba ameachwa. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mchungaji akasoma majina, akauliza kama ilivyo desturi, "Mwenye pingamizi na aseme."

Pale hakuna aliyewahi kusema. Wanakwaya walikuwa wameshafungua vitabu vyao Eunike aliposimama, sweta jeupe limefungwa vifungo vyote.

"Ninalo mimi, mchungaji."

Mama yake akamvuta gauni. Hakukaa.

"Unampinga nani, binti?"

"Simpingi mtu. Naupinga mwaka huu. Mwalimu amepata nafasi ya kusoma London, nayo ni ya mtu asiyeoa. Amenificha ili asinivunje moyo. Naomba ndoa yetu ingoje miaka miwili. Mimi ni mchumba wake, na nyote humu ni mashahidi."

Kaanaeli akasimama upande wa pili. "Nilikwisha kukuchagua wewe, Eunike."

"Najua. Ndiyo maana naweza kungoja."

Mchungaji akafunga kitabu bila kutaja tarehe ya harusi. Kaanaeli akaketi, akaficha uso mikononi, akalia kwa sauti, na katika kanisa lote hakuna aliyemcheka.